Koma Juu ya Meza ya Bwana

“Mama, king'oe leo,” padri alisema. “Mkristo hasimiki koma. Mwachie Mungu mwanao. Ni mapenzi yake.”

Kijiti hicho cha koma, mzimu wa marehemu, kilisimama nyuma ya nyumba ya Kanze, Changamwe, kimefungwa kipande cha shati, kama wazee wa kwao wanavyowasimikia wafu wao. Mwanawe alifia vitani Burma, mwili haukuletwa.

“Mapenzi yake? Miaka mitatu namwomba, ananijibu kwa karatasi ya serikali?”

Akakitikisa mpaka udongo ukaachia. Padri alinyoosha mkono akipokee. Kanze akampita, akaenda mbio hadi kanisani, akakilaza na udongo wake juu ya kitambaa cheupe cha meza ya Bwana.

“Haya, mchukue!” akafoka, macho juu. “Nimekupa. Lakini shukrani, leo hupati!”