Viti Vyenye Joto

Élisée alishusha miwani mikubwa ya theluji usoni, akarudi nyuma mpaka weupe ukajaa skrini yote, ndipo akapokea simu.

"Papa Constant, bonjour! Unaniona?"

"Ninakuona, mutoto yangu. Donc ni kweli, uko ku ski, unateleza ku theluji."

"Kabisa, papa."

Suti yake ya njano, iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mnene kumzidi, ilitoka soko la Jumapili la Gare du Midi. Pumzi ilimtoka kama mvuke wa birika. Simu hii ikienda vizuri, Jumapili angepokelewa rasmi kama mchumba nyumbani kwa Graciella, kule Anderlecht. Ikienda vibaya, angepokelewa Joël, mposaji mwingine.

Papa Constant, baba yake Graciella, alikwishatangaza mbele ya ukoo: binti yake haolewi na mtu wa depo, anayerudi nyumbani akinuka samaki. Alitaka mkwe aliyeiona dunia. Na dunia, kwa papa Constant, ilianzia kwenye theluji ya kulipia. Picha hakuziamini. Picha huibwa, alisema; alitaka simu ya video.

"Joël alinitumia zake," mzee alisema kwa dharau. "Piste moja tu, muteremko ya zamani. Watu wanavutwa na kamba kama mbuzi! Lakini station yako, pale ku ski, ninasikia balifungua miteremko mipya."

"Wamepanua sana, papa. Upande huu mpya ndio nimeingia leo, mara ya kwanza."

"Na viti? Vile vya kupandisha watu. Baliniambia sasa viko na chauffage chini."

"Makalio yanaiva kama mkate, papa."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Shali nzito ilikuwa imefunika nusu ya tai yake, na mvuke mwembamba ukamtoka mdomoni.

"Papa, na wewe unasikia baridi?"

"Eh! Niko ku bureau, ku Woluwe. Chauffage ilikufa toka asubuhi. Mimi, directeur muzima, ninatetemeka kama mulinzi wa usiku!"

"Pole, papa. Wafukuze wote."

"Nitabafukuza."

Kitu kikapita karibu kikilia: pip, pip, pip. Élisée akaigeuza simu upesi.

"Ni nini ile?"

"Gari la kusawazisha theluji, papa. Jipya, limeletwa msimu huu."

"Ninalisikia vizuri!" Papa Constant aliinamia skrini, macho yakimng'aa. "Kama liko hapa kwangu. Alors, simu za siku hizi!"

Kisha akajinyoosha, akaivuta tai, akatoa ile sauti yake ya vikao vya ukoo.

"Bon. Jumapili uje na tonton zako, bajomba bote. Joël nitamuambia kwangu mulango umefungwa. Binti yangu anaenda kwa mutu wa maana."

Élisée alifumba macho nyuma ya miwani. Angeimba, kama midomo isingekuwa imekufa ganzi.

"Merci, papa. Sitakuaibisha."

"Élisée! Constant!" Sauti ya msimamizi ilipasua hewa. "Nani kaacha mlango wa chumba cha baridi wazi? Samaki wanayeyuka!"

Élisée aliisikia mara mbili: kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu kutoka ndani ya simu.