Zamu ya Mkunjaji

"Mama Mikunjo, tuambie ukweli. Humu mgongoni umetukunjia parachuti au umetujazia magazeti?"

Ndege nzima ikaangua kicheko. Mama Mikunjo peke yake hakucheka. Alikuwa amejikunyata sakafuni, magoti yamegusa kidevu, meno yanagongana, na tumbo lake lilikuwa limeshaamua kwamba binadamu mwenye akili timamu hushuka kwa ngazi.

Kazi yake ilikuwa chini, kwenye meza ndefu. Wanafunzi wakishatua, yeye huokota parachuti zao, hunyoosha kamba zisipishane, hukunja kitambaa mkunjo juu ya mkunjo, mwavuli mkubwa na ule mdogo wa akiba, kisha huishindilia yote miwili kwenye mfuko wa kuvaa mgongoni. Mkunjo mmoja ukikosewa, mtu anashuka kama gunia. Ndiyo maana shule ile ilikuwa na sheria yake: kila mwaka, siku moja, mkunjaji naye apande ndege aruke, tena kwa mfuko wowote atakaopewa. Hachagui. Akigoma mlangoni, anasukumwa. Mwenye shule alikuwa akisema hiyo ndiyo dawa ya kumfanya mkunjaji amkunjie kila mtu kama anamkunjia mama yake mzazi.

Kila mwaka Mama Mikunjo aligoma, na kila mwaka akasukumwa. Wanafunzi walikuwa wakiisubiri siku hiyo kama harusi. Lakini leo hofu yake haikuwa ile ya siku zote.

Asubuhi, kabla hawajapanda, aliwapitia mmoja mmoja, akapapasa chini ya kila mfuko, pale kwenye mshono. Alisema anakagua tu. Alirudia kila mshono mara mbili mpaka msichana mmoja akamshika mkono.

"Jamani mama, mbona unatutia hofu? Halafu joto lote hili, sweta la nini?"

"Nina homa kidogo, mwanangu."

"Na hapo shavuni?"

"Niliteleza bafuni juzi."

Msichana akakunja uso. Akataka kusema kitu, akamwona mwalimu anakuja, akageukia kukaza mikanda yake.

Mwalimu ndiye mume wa Mama Mikunjo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha mkewe mfuko na kumfunga mikanda, polepole, kwa mikono ileile. Mifuko yote ilikuwa ya buluu, imefanana kama mapacha. Ule wa mwalimu tu ndio uliokuwa na msumari wake ukutani, na hakuna aliyethubutu kuugusa, isipokuwa mkewe wakati wa kuukunja. Sasa alikuwa amekaa upande wa pili wa ndege, mgongo kaegemeza kwenye bati, mikono kaikunja kifuani, ametulia utadhani yuko sebuleni kwake. Mama Mikunjo hakuweza kumtazama. Alitazama viatu vyake.

Taa ikawaka kijani.

"Haya, wa kwanza! Na mkitua mkunje magoti, msije mkanivunjikia!"

Wakaanza kutoka. Mama Mikunjo alijikokota hadi mlangoni kwa magoti, akachungulia chini huku amefumba jicho moja. Mwavuli wa kwanza ukachanua. Wa pili ukachanua. Kila ulipofunguka mmoja alishusha pumzi, na kila aliporuka mwingine pumzi ikamkatika tena. Wa mwisho alikuwa yule msichana. Alipouona mwavuli wake umefunguka vizuri, Mama Mikunjo alilia kwa sauti.

Ndani wakabaki wawili, na rubani kule mbele.

"Haya, mama watoto," mwalimu alisema, akainuka. "Zamu yako, kisha yangu, tukunje jamvi."

Hapo ndipo Mama Mikunjo alipomtazama usoni, mara ya kwanza tangu juzi. Akaona mvi mbili tatu ndevuni ambazo hakuwahi kuziona. Akaona kifungo cha shati alichomshonea mwenyewe. Hasira aliyokuwa ameishikilia siku mbili ikamtoka yote mara moja, ikabaki hofu tupu.

"Usiruke," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Leo usiruke. Mwambie rubani aturudishe chini. Nakuomba, baba watoto, nakupigia magoti. Tukifika nitakueleza."

Mwalimu akaduwaa. "Unatetemeka hivyo, halafu unanililia mimi? Pamoja na ya juzi?"

"Usiruke tu!"

Macho ya mwalimu yakalengwa na machozi. Akamshika mkewe mabegani, taratibu safari hii, akamsimamisha mlangoni. Upepo ulikuwa unavuma hasa, ikabidi amwinamie sikioni.

"Mimi kuomba msamaha sijui, unanijua. Basi leo nimekupa mfuko wangu. Mimi nimechukua wowote tu. Jana nilikuchungulia dirishani ukiukunja, umejifungia peke yako, unalia huku unakunja. Nikajiambia, kama kuna mfuko salama hapa duniani, ni huo."

Mkono wa Mama Mikunjo ukaenda nyuma wenyewe, ukapapasa chini ya mfuko. Pale kwenye mshono vidole vyake vikakuta kipande cha uzi, kile alichokishona jana ili mfuko ule usije ukamwangukia mtu asiye na kosa.

Akapiga ukelele ambao upepo uliubeba wote, akaung'ang'ania ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Mwalimu akacheka kwa upendo, kama kila mwaka, akaanza kumkunjua vidole, kimoja kimoja.