Mashine za Nyuma ya Ukuta

Mashine za jirani wa nyuma ya ukuta zilipozimwa kwa ajili ya kipimo, Nosratollah alitabasamu. Sasa injinia wa umeme angejionea mwenyewe ni nani aliyekuwa akichafua umeme wa laini yao na kumuunguzia mashine za kufuma mazulia katika karakana yake ya hapa Kashan.

Lakini gilasi ya chai aliyoiweka juu ya kasha la transfoma ilianza kutetemeka. Ikalia ndani ya kisahani chake kama kengele ndogo, na hakuna aliyeigusa.

"Haji, uchafu umezidi," alisema injinia, macho kwenye kifaa cha kupimia.

"Umezidi vipi, na yule hayawani kazima kila kitu?"

"Huu uliobaki ni wako. Mnachafua wote wawili, Haji. Ila wimbi la umeme wake likipanda, lako linashuka, basi mawimbi yenu yalikuwa yanapunguzana. Bila yeye, ungeunguza mashine zaidi."

Bonge la sukari alilolitia mdomoni ili anywee chai liliyeyuka shavuni mwa Nosratollah bila chai. Tangu walipomzika baba yao hakuwa amekanyaga mlangoni kwa mdogo wake, huyo huyo wa nyuma ya ukuta. Na kesi ya umeme dhidi yake aliifungua yeye Nosratollah.

"Basi nenda umwambie awashe," alisema kwa sauti ndogo.

Injinia alikuwa akikunja nyaya zake. "Kamwambie wewe. Si ndugu yako?"

Injinia alipoondoka, Nosratollah aliweka kiganja ukutani, pale palipokuwa pakitetemeka kila siku. Palikuwa pametulia, pa baridi.

Akagonga kwa kidole kimoja, kisha akatega sikio.