Beringi Zilizorudishwa

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata mafundi wakawasha taa.

Vipuri vya injini ya lori kuukuu vilipangwa juu ya gunia. Kwa desturi ya gereji ile, mwenye gari ndiye aliyeonyesha kwa kidole kipi kibadilishwe na kipi kirudishwe. Bwana Mwakyoma alionyesha pistoni na gasketi zibadilishwe. Alipofika kwenye beringi akasema, "Hizi rudisha."

"Zimelika, bosi," alisema Zabroni, dereva wake. "Injini ikikwama na kuzima pale mteremkoni nikiwa na shehena ya mawe, upepo wa breki nao unaisha, lori halisimami."

"Unaogopa kama bi harusi! Desemba naliuza. Mpaka hapo Mungu atatulinda."

"Keshatulinda, bosi. Ndiye aliyetuonyesha beringi."

Fundi aliacha kufuta mikono. Bwana Mwakyoma alimtazama Zabroni, akamshika bega, kisha akawageukia mafundi wote.

"Nyinyi ni mashahidi," alisema kwa sauti. "Huyu akipatwa na lolote, watoto wake nitawasomesha mimi."