Msumeno Chini ya Mninga

Mbunifu wa samani alikuwa amelala kifudifudi chini ya mninga, mkono ukisukuma msumeno ndani ya shimo, masikio yote mawili yakiwa nyumbani kwa mama mkwe wake. Kila mzizi ulipolia krr, aliacha. Kimya. Akaendelea.

Huyo mama ndiye aliyeurudisha msitu. Kilima kilikuwa kipara kama kisigino. Akakipanda miti ya asili, mche kwa mche, tangu enzi za kumbeba mgongoni binti ambaye sasa ni mke wa mbunifu. Alipomruhusu mkwewe kujenga karakana katikati ya miti, alimpa sharti moja: atachonga mti ulioanguka wenyewe tu. Sharti likaleta sifa. Wateja walitoka mbali kununua kiti kisicho na dhambi. Na msitu ulikuwa mkarimu. Kila masika mti mmoja, pengine miwili, ulilala chini.

Mwaka huu, hata tawi halijaanguka. Masika yamepita na pepo zake, miti imesimama kama askari wa gwaride. Mama mkwe naye, tangu mgongo umlaze kabla ya masika, hakutoka kitandani, na mbunifu aliamini kwamba humo ndani anasikia mpaka jani likipumua.

Kesho mteja mwenye hoteli angekuja kuuona mti ulioanguka kwa macho yake ndipo aagize meza. Bila meza hizo karakana inafungwa, na mbunifu anarudi mjini kuchora viti vya plastiki. Mkewe alishaanza kufunga vyombo. Alipomuuliza mbona halali siku hizi, alijibiwa ni mbu.

Alasiri hiyohiyo upepo ukavuma. Mninga ukalia, ukainama, ukashuka kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Mbunifu akavaa uso wa msiba, akaenda kutoa habari. Alitarajia chozi. Mama mkwe akaomba bega la kuegemea.

"Nipeleke nikauone."

"Mama, njia ina matope. Halafu daktari alisema..."

"Daktari hakuupanda."

Walikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mbunifu alieleza habari za upepo, akazieleza tena, akaongeza na mchwa. Mama mkwe alipofika aliinama huku akiguna, akapitisha kidole kwenye mzizi uliokatwa. Ulikuwa laini kama ubao uliopigwa randa.

Jasho lilimtiririka mbunifu mpaka kiunoni. Aliona karakana, ndoa na heshima yake vikiporomoka kwa pamoja.

"Baba," mama mkwe alisema polepole, "nani amekufundisha kazi hii?"

Mbunifu akajifuta udongo viganjani.

"Siku nyingine anzia upande wa mteremko, mti usije ukakulalia ukamwachia mwanangu ujane. Na mizizi uifukie ndipo uite watu. Mimi miti yote niliyokuangushia, mizizi yake niliifukia kabla hujaamka."