Kidole Gumba cha Ijumaa Kuu

Nilijikata kidole gumba mchana wa Ijumaa Kuu, nikimenya magimbi ya binignit, uji wetu wa nazi. Hapa Bohol, kisiwani Ufilipino, magimbi humenywa Alhamisi, lakini mtu anayejipikia peke yake husahau siku.

Jirani alinisikia nikigumia, akachungulia dirishani.

"We Sepa, una wazimu? Nani anashika kisu leo? Mungu amekufa! Hicho kidonda hakiponi mpaka afufuke."

"Basi njoo unifunge kitambaa."

"Mie, nishike damu leo? Subiri Jumapili, shoga." Akaenda zake akicheka.

Nikajifunga mwenyewe kwa meno. Tangu mume wangu afariki, mengi nayafunga kwa meno.

Kisha nikaenda kanisani kumlalamikia huyo Mwokozi anayekufa siku mtu anapomhitaji.

Nilimkuta ndani ya jeneza lake la kioo lililoachwa wazi, sanamu ya mti, goti limelika kwa leso za wanaompangusa kutafuta baraka. Maandamano yalikuwa jioni, na wote walikuwa wamekwenda kula. Hakubaki hata mmoja.

Kwetu maiti haiachwi peke yake, hata ya mlevi.

Malalamiko yakaniishia mdomoni. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na lile goti. Damu ilikuwa imeshapenya kitambaa.

Baadaye jirani aliingia na leso yake. "Sepa! Umekuja kuombea kidole?"

"Shusha sauti," nikamwambia, nikimsogezea kiti. "Tumefiwa."