Kifurushi kutoka Kazan

Kefa alikuwa akisubiri noti moja tu: rubli mia ya enzi za wafalme wa Urusi, yenye picha ya Malkia Katarina. Alipofungua kifurushi barazani kwake Miyuji, akakuta albamu tatu nzima za noti za kale.

Alizijua. Mwenye albamu hizo, mzee mmoja wa Kazan, alikuwa akimwonyesha kwenye simu kila Jumapili. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Kirusi ambacho Kefa alijifunza ujanani, akisomea jiolojia hukohuko Urusi, sasa alikizungumza na mtu huyo tu. Tangu mke wa Kefa afariki, kuna wiki ambazo hakuongea na mtu mwingine yeyote. Jumapili iliyopita simu iliita bila kupokelewa.

Mkusanyaji hagawi albamu zake zote akiwa hai.

Kefa akaichomoa ile noti, akainyanyua kwenye mwanga. Kwenye sehemu nyeupe ya karatasi, uso wa malkia ukajitokeza taratibu, kama mtu anayechungulia dirishani.

"Shikamoo, baba," mama mmoja jirani yake alisalimia akipita na ndoo ya maji. "Mbona hivyo? Unaumwa?"

"Marahaba. Nimefiwa."

"Jamani, pole. Ndugu?"

"Rafiki. Alikuwa mbali sana."

Yule mama akaitua ndoo. "Msiba uko wapi?"

Kefa akalitazama baraza lake, kiti kimoja na albamu tatu.

"Hapa," akasema.

Yule mama akavua kandambili, akajifunga khanga vizuri, akaingia na kuketi chini.